Mwalimu, Saa na Kishikwambi: Mhadhara kwa Walimu wa Kibondo na Kasulu



Nimeombwa niseme juu ya matumizi ya vyombo vya kidijitali katika kufundisha, na kwa kuwa hadhira iliyo mbele yangu ni ya watu wa nyanda hizi za juu za Kigoma, baadhi yenu mkifundisha katika shule za serikali za Kibondo na Kasulu na baadhi katika shule za kambi za Nduta na Nyarugusu, sitapoteza wakati wenu kwa kusifu madarasa ya miji mikubwa ambamo umeme haukatiki na kila mtoto ana kiti chake. Nitasema juu ya darasa mnalolijua ninyi, lenye watoto mia moja na zaidi, ubao mmoja, chaki ya kuhesabiwa, na pengine, kwa bahati au kwa msaada wa wahisani, kishikwambi kimoja.

Maneno yangu yote yana shina moja, nami nitalitaja mapema ili anayetaka kunipinga apate nafasi ya kujiandaa. Nadai kwamba chombo cha kidijitali hufundisha kwa kadiri ya saa alizopewa mwalimu za kukaa nacho peke yake kabla hajaingia nacho darasani, na kwamba mahali ambapo saa hizo hazikutengwa, wingi wa vyombo, hata ukiwa wa kustaajabisha, hauleti faida iliyokusudiwa.

Nduta si mahali pageni katika tarehe ya watu wa Maziwa Makuu. Katika miaka ya 1990 ilipokea Warundi waliokimbia vita, ikafungwa wengi wao walipokwisha kurejea kwao. Na ilipozuka fitina ya siasa kule Bujumbura mwezi wa Aprili 2015, watu wakamiminika hata ufuko wa Kagunga, ambako kipindupindu kiliwakuta, na meli kongwe ya Liemba ikafanya kazi ya kuwavusha hadi Kigoma mjini. Nyarugusu, ambayo tangu 1996 ilikuwa imewahifadhi Wakongo, ikafurika, na Oktoba 2015 Nduta ikafunguliwa mara ya pili. Mwaka 2021 kambi ya Mtendeli katika wilaya ya Kakonko ilipofungwa, watu wake nao wakahamishiwa hapa Nduta. Nayataja haya kwa sababu katika mahali pa namna hii watoto hutangulia na majengo hufuata. Masomo ya kwanza yalitolewa chini ya miti na ndani ya mahema, mtaala ukawa ule wa Burundi ili mtoto akirudi kwao asianze upya, na walimu wakawa wakimbizi wenyewe, watu wanaolipwa posho badala ya mshahara, ambao wakitoka darasani wana foleni ya chakula na safari ya kuni mbele yao. Yeyote anayetaka kuwapelekea watu hawa chombo kipya sharti aanze kwa kuuliza watakitumia saa ngapi, na saa hizo zitatoka wapi.

Swali hili lilikwisha kujibiwa vizuri katika nchi hii kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio, hawakutosheka kurusha sauti hewani na kungoja nchi iamke. Walipanga vikundi vya kusikiliza katika vijiji, wakachapa vitabu vya kusomwa baada ya kipindi, na, jambo ambalo ndilo kubwa kuliko yote, wakawafundisha viongozi wa vikundi wapatao 75,000 namna ya kuongoza mazungumzo redio ikishanyamaza. Watu kama milioni mbili walishiriki, na baada ya kusikiliza na kusoma wakatoka wakachimba vyoo. Redio yenyewe ilisema kwa dakika chache tu katika juma. Yaliyobaki yakafanywa na mtu aliyekaa na wenzake akiwa na kitabu mkononi na uhakika wa anachotaka kuuliza. Kila nisikiapo mradi mpya wa vishikwambi huwauliza wenyewe wana viongozi wa vikundi wangapi, na aghalabu hunijibu kwa kunitajia idadi ya vishikwambi.

Upo ushahidi mwingine, wa karibu zaidi na wa kupendeza zaidi, ambao lazima niutendee insafu kwa sababu waweza kudhaniwa kuwa unanipinga. Katika mkoa wa Tanga, kuanzia mwishoni mwa 2017, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 hivi walipewa kila mmoja kishikwambi chenye programu ya kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, pasipo mwalimu, na kila kijiji kikawekewa mahali pa kuchajia kwa nguvu ya jua. Lilikuwa shindano la Global Learning XPRIZE, likiendeshwa pamoja na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu. Watoto 74 katika kila 100 walisemekana kwamba hawakupata kuingia shuleni kamwe, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 hesabu ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu, na Mei 2019 tuzo kuu ya dola milioni 10 ikagawanywa sawasawa baina ya waliotengeneza Kitkit School na wale wa onebillion.

Mtoto wa kijiji cha mbali aliyejifunza kusoma kwa kidole chake mwenyewe ni jambo la kumshukuru Mungu, na asiyeona hivyo hajui uzito wa kutojua kusoma. Walakini nimefikiri sana juu ya ile nusu ya pili. Miezi 15 ilipita, chombo kikiwa mkononi, na watoto wengi hao bado hawakuweza kusoma neno. Chombo hakichoki wala hakikaripii, na hizo ni fadhila kubwa. Lakini mtoto aliyekwama akawa anagusa picha moja ile ile kwa ajili ya sauti yake nzuri, hana wa kumwambia, “Hebu nisomee hapa,” na kutambua kwa kumtazama usoni kwamba hatofautishi herufi mbili. Mwalimu hufanya kazi hiyo katika nukta chache. Kule Tanga walitafuta dawa ya mahali pasipo mwalimu, nao wakapata dawa ya nusu, ambayo ni nyingi. Hapa Nduta mwalimu yupo, tena yuko mbele ya watoto mia, na kumfanya mlinzi wa mashine ni israfu. Programu zilizofika fainali zilitolewa bure kwa umma, basi hakuna kinachotuzuia kuzitumia mwalimu akiwa pale pale.

Na kuhusu wingi wa vyombo peke yake, nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wengi kuliko karibu nchi yoyote, na uchunguzi uliofanywa katika shule 319 za vijijini, ukatolewa 2012, haukuona kuwa hesabu wala lugha ya watoto imeendelea kwa sababu yake. Sina la kuongeza juu ya Peru.

Sasa nije kwenye vyombo vyenyewe. Nyarugusu ni miongoni mwa mahali ambapo Vodafone Foundation na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi waliweka shule za mtandao, mpango walioanza mwaka 2013. Moja ya zana zilizobuniwa kwa ajili ya mpango huo ni sanduku gumu la kilo 52, ambalo ndani yake mna kompyuta mpakato, vishikwambi 25, projekta, spika na kifaa cha kugawa mtandao. Vyote huchajiwa pamoja sanduku likiwa limefungwa, kisha hutumika siku nzima mahali pasipo umeme. Aliyelibuni alifikiri sana juu ya vumbi, safari na kukosekana kwa nguvu za umeme. Lakini fanyeni hesabu: vishikwambi 25 katika darasa la watoto 100 ni watoto wanne kwa kimoja, na mnajua wenyewe yatokeayo wanne wakizunguka kitu kimoja kinachong'aa. Mvulana mwenye mikono myepesi hukishika hadi kengele, na msichana mpole aliye pembeni hutazama kisogo cha mwenziwe. Kwa hiyo mwalimu anayejua kazi yake huweka sharti kabla hajagawa chochote: anayeshika hajibu, anayejibu hashiki, na kila swali likiisha chombo huhamia kulia. Sharti hilo halimo katika sanduku lolote, nalo lina thamani kuliko nusu ya vilivyomo.

Jirani na sanduku hilo ipo programu iitwayo Kolibri, iliyotolewa mwaka 2017 na Learning Equality ya Marekani, ambayo imetumika pia kule Kakuma nchini Kenya, nami naipenda kwa sababu haiudharau ukweli wa mahali kama hapa. Kompyuta moja hubeba maktaba nzima ya masomo, mazoezi na filamu, na vishikwambi vingine huifikia kwa Wi-Fi ya humo humo chumbani, pasipo bando wala mnara wa simu. Mwalimu anaweza kuchagua vipande anavyovitaka, akavipanga kuwa somo, akatoa jaribio, kisha akaona nani amekosa swali gani. Anayetaka kuongeza vitabu vipya huvichukua mahali penye intaneti na kuvileta kwa flashi. Lakini kuchagua ndiko kazi yenyewe. Maktaba ya maelfu ya vipande mbele ya mwalimu asiye na saa ya kuifungua ni kabati lililofungwa, nami nimesikia habari za vyombo vizuri vilivyokaa kabatini muhula mzima kwa sababu mwenye ufunguo aliogopa lawama ya kupotea kwa kimoja. Simlaumu mtu huyo. Alikabidhiwa mali ya thamani kuliko posho yake ya miezi mingi, na hakuna aliyemwambia itakuwaje ikivunjika mikononi mwa mtoto.

Mniruhusu niwaonyeshe somo moja kwa karibu, kwa maana ni rahisi kusema juu ya vyombo kwa jumla na kutoonekana umekosea. Somo ni moyo na mzunguko wa damu. Mwalimu ana watoto 120, kipindi cha dakika 40, na kishikwambi kimoja chenye filamu ya dakika nne inayoonyesha chemba za moyo zikijaa na kubana na vali zikifunguka na kujifunga. Filamu hiyo ni tunu, kwa kuwa chaki yaweza kuchora moyo lakini haiwezi kuufanya upige. Basi akiwaita watoto kumi na wawili kwa zamu wakaitazama, atakuwa na makundi kumi, na kumi mara nne ni arobaini: kipindi kimekwisha, hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeandika, na watoto 108 kwa kila wakati wamekaa bure wakigombana. Mwalimu ambaye hakupata kuketi na chombo usiku uliotangulia atalijua hili akiwa katikati ya ghasia.

Aliyepata kuketi nacho atafanya vingine. Ameitazama filamu mara tatu, akagundua kwamba maana yote imo katika dakika moja, kuanzia pale damu inapoingia chemba ya juu ya kulia hadi inaposukumwa kwenda mapafuni, na akaandika katika andalio la somo nukta ya kuanzia na nukta ya kukomea. Darasani anaanza pasipo chombo. Kila mtoto anaweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa jirani yake na kuhesabu mapigo kwa dakika moja, mwalimu akitazama saa, wanaandika. Kisha wanakimbia mara moja kuuzunguka mti na kuhesabu tena, wanaandika. Sasa kila mmoja ana idadi mbili zisizolingana na swali ambalo hakufundishwa bali limemjia mwenyewe. Ndipo makundi yanaitwa, dakika moja moja, huku wengine wakichora kutoka ubaoni umbo la moyo lisilo na mishale, na kila kundi likirudi linatia mishale yake kwa kadiri ya lilivyoona. Dakika kumi za chombo, na kwa kupishana kwao tuseme kumi na tano. Zilizobaki ni za kulinganisha michoro na kubishana. Chombo ni kile kile na filamu ni ile ile. Kilichoongezeka ni saa moja ya jioni ya mwalimu.

Mtaniambia kuwa chini ya mti jua hukiua kioo cha kishikwambi, na mnasema kweli. Projekta mchana wa wazi haifai kitu. Yataka chumba chenye giza la kutosha na shuka jeupe. Wala masika hayana huruma na masomo ya sauti: mvua ya nyanda hizi ikipiga bati hakuna spika ya ukubwa wa kiganja itakayosikika hata na mtoto wa mstari wa kwanza. Kwa hiyo mwalimu wa hapa sharti agawe masomo yake kwa majira, hadithi za kusikilizwa akiziweka kiangazi, na michoro isiyohitaji sauti akiiweka wakati wa mvua. Na kazi za kujumlisha na kutoa aziache ubaoni mwaka mzima, maana hesabu ya safu hujifunzwa kwa mkono wa mtoto mwenyewe unaoandika, na sijaona programu iliyoishinda chaki katika jambo hilo.

Liko suala la lugha. Mtoto wa Nduta huanza masomo kwa Kirundi, kisha huingia katika Kifaransa, na mtaala wa kwao una Kiswahili na Kiingereza pia. Hazina ya dijitali anayoletewa nyingi ni ya Kiingereza, na iliyo bora kwa Kiswahili, kama vipindi vya Ubongo Kids vilivyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, ilitungwa kwa kumfikiria mtoto wa Tanzania. Wako wanaosema, basi tungoje mpaka itafsiriwe yote. Mimi nasema mwalimu asingoje. Filamu ya moyo inazimwa sauti, naye husema kwa Kirundi mbele yake. Hadithi fupi za African Storybook, ambazo zimewekwa ili yeyote azitafsiri na kuzibadili bure, zaweza kuandikwa upya na walimu wenyewe katika lugha ya watoto wao, na hiyo ni kazi ya ualimu iliyo safi kabisa, kwa kuwa mwalimu aliyetafsiri kurasa kumi kwa ajili ya watoto anaowajua kwa majina amefikiri juu ya kusoma kwa namna ambayo semina ya siku tatu haiwezi kumfikirisha.

Hapo ndipo ninapowaona walimu wa Kibondo na Kasulu na walimu wa kambi wakihitajiana. Muha na Mrundi husikilizana pasipo mkalimani. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viende kwa walimu, nanyi wa shule za serikali wengi mnavyo, ilhali wenzenu wa kambini ndio waliozoea kufundisha umati kwa chombo kimoja na maktaba isiyo na mtandao. Sheria za kambi haziruhusu mtu kutoka atakavyo, lakini andalio la somo lililoandaliwa vizuri, pamoja na filamu ya dakika moja iliyokatwa mahali pake, laweza kupita kwa mkono wa ofisi za elimu kutoka Nduta hadi shule ya Kibondo na kurudi likiwa limesahihishwa. Sioni zuio la haki juu ya jambo hilo, naona ajizi tu ya kutolianza.

Hivyo ninayoyaomba ni machache na yanaweza kuanza muhula ujao. Naomba kila shule yenye chombo hata kimoja itenge katika ratiba, kwa maandishi na si kwa hisani, saa mbili za kila juma ambazo mwalimu hafundishi, hasahihishi wala hatumwi, bali anaketi na mwenzake na chombo. Na mahali penye zamu mbili za wanafunzi, saa hizo zikatwe kwenye vipindi vya darasa, kwa maana nisingependa mtu aziongeze juu ya siku ambayo tayari ni ndefu kwa mwenye kuni za kutafuta. Wahisani wanaoleta sanduku walete pamoja nalo fedha ya saa hizo kwa mwaka mzima, na wakisema fungu halitoshi, wapunguze vishikwambi. Wanachuo wa ualimu wafanye mazoezi yao kwa chombo kimoja na darasa kubwa, kwa kuwa ndilo watakalolikuta. Kufundisha watoto ishirini wenye vishikwambi ishirini ni mtihani wa mahali pengine. Pawepo daftari la kuazima ambalo mwalimu atatia sahihi akienda nacho nyumbani, na kanuni iliyoandikwa kwamba chombo kilichovunjika kazini hakikatwi katika posho ya mtu.

Ama ufunguo wa kabati, nashauri uwe kwa walimu wawili, na mmoja wao awe mwalimu wa madarasa ya chini, kwa kuwa yeye ndiye mwenye watoto wengi na zana chache, na katika shule nyingi huwa wa mwisho kuulizwa kama anahitaji kitu.